Sauti ya Sehemu ya Tatu

Dinah Nekesa alikuwa na sauti mbili, na kwa miaka yote aliyokaa London hakuna aliyemuuliza ni ipi iliyo yake. Ya kwanza ilikuwa ya kwao Bungoma, inayokanyaga kila neno mpaka mwisho na kupanda juu mwenyewe anapokasirika. Ya pili watu wa nyumbani mwake waliibatiza jina la sauti ya simu. Hiyo aliitoa alipompigia wakala wa nyumba, alipobembeleza nafasi ya kumwona daktari, na alipozungumza na mtu yeyote mwenye uwezo wa kumkatia simu. Ilikuwa nyembamba, imenyooshwa kama shati la kazini, na Waingereza walipoisikia walimhudumia haraka kidogo.

Kwa hiyo Philippa alipomwambia kwamba safari hii anaitaka ile ya kwanza, Dinah alicheka akidhani anataniwa.

"Hapana, nasema kweli," alisema Philippa. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Kiingereza pale chuoni alikofundisha Dinah, Mwingereza mrefu aliyelipenda mno neno dunia. "Wanafunzi wetu watafundishwa na wahadhiri wa dunia nzima. Mtihani wa kusikiliza lazima uwe na sauti za dunia. Usiigize, Dinah. Sema kama unavyosema nyumbani kwako."

Basi Dinah akaingia kwenye chumba cha kurekodia na kusoma sehemu ya tatu ya mtihani, mhadhara mfupi juu ya watu wanaofuga nyuki kwenye mapaa ya majengo ya mjini. Aliusoma kama ambavyo mwalimu wake wa Bungoma angeusoma. Alitoka mle ndani kichwa juu, na tusimcheke. Mtu akiambiwa baada ya miaka mingi kwamba sauti yake inafaa, lazima atembee tofauti kidogo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa wanafunzi wa kozi ya kiangazi, karibu wote Wachina, waliokuwa wamepewa nafasi za shahada ya pili kwa sharti moja: wapate alama sitini katika kusikiliza. Asiyezipata anarudi kwao, maana viza yake imefungwa kwenye nafasi yake. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Waliweza kusoma kitabu kizima cha uchumi na kukuandikia kurasa kumi juu yake. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha kusikia walikuwa wamefundishwa na rekodi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wasiokohoa, wasio na haraka, wasiomezwa na kelele za basi. Ukiwaondoa kwenye sauti hizo mbili, walikuwa kama watu waliozimiwa taa katika nyumba ya wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Wen Ruolan, binti mfupi mwenye miwani, na Dinah alimfahamu kabla ya kozi kuanza kwa sababu ya kilio. Alimkuta kwenye ngazi za nyuma za chuo ameketi na sanduku lake, analia bila sauti. Chumba alichokodishiwa kupitia mtandao hakikuwa na dirisha, na mwanamume wa chumba cha pili alikuwa na tabia ya kuja kujaribu kitasa cha mlango wake. Dinah hakufikiri mara mbili. Alimpigia simu Nitin, Mhindi wa Harrow aliyezaliwa Kisumu, ambaye dukani kwake ndiko Wakenya wa upande ule hununulia unga wa ugali. Mama yake Nitin, mjane ambaye kila mtu humwita Ba, alikuwa ameanguka kwenye ngazi wakati wa baridi, na Nitin alikuwa akitafuta mtu wa kukaa naye jioni, duka likiwa bado wazi. Mambo yakaisha kwa simu hiyo moja. Ruolan akapata chumba chenye dirisha, ili mradi ale chakula cha jioni na Ba.

Kwa Dinah hilo halikuwa jambo la kusimuliwa. Yeye mwenyewe alipofika nchi hii alilala kwa mtu aliyemjua mtu. Mgeni hutafutiwa pa kulala, basi, na hakuna anayekwenda kulitangaza ofisini.

Ba alikuwa mwongeaji wa kutisha. Kiingereza alifundishwa Kisumu na mwalimu Mluhya, wa kabila la Dinah, akakiuzia vitambaa huko mpaka mvi zikamtoka, kisha akaja nacho Harrow vilevile kilivyo. Jioni baada ya jioni alimkalisha yule binti mezani na kumsimulia harusi, mafuriko, wateja wakorofi na marehemu mumewe. Katikati ya hadithi alimtupia maswali kuhakikisha kwamba anasikiliza, na asiyejibu hapewi chapati ya pili. Neno la Kiingereza likimtoroka alichomeka la Kiswahili na kuendelea na safari. Siku moja darasani Dinah alimsikia Ruolan akimwambia mwenzake aliyejigonga kwenye meza, "Pole," akacheka peke yake mpaka kipindi kikaisha.

Matokeo yalipotoka, Philippa alimwita ofisini na kumwomba afunge mlango.

"Sehemu ya tatu imewaangusha," alisema. "Wanafunzi wamelalamika. Wanasema..." Alikuwa na adabu ya kutosha ya kuona haya, akatazama dirishani. "Wanasema kile hakikuwa Kiingereza."

Dinah alihisi uso wake unawaka, kama mtu aliyeambiwa mbele za watu kwamba ananuka.

"Lakini kuna mmoja aliyepata kila swali," Philippa aliendelea. "Wen Ruolan. Na huyo sehemu nyingine zote ni dhaifu."

Utaratibu wa kitengo ulikuwa hivi: sehemu iliyowashinda karibu wote huondolewa, na alama huhesabiwa upya kwa zilizobaki. Aliyeifaulu kwa haki haponzwi, yeye hubaki na alama zake. Ruolan akiachiwa sehemu ya tatu, alikuwa amevuka sitini. Akinyang'anywa, hakufika. Na msichana dhaifu aliyeelewa kilichowashinda mahodari, machoni pa ofisi, hakuwa ameelewa. Alikuwa amepewa majibu.

"Jopo litamhoji Alhamisi," alisema Philippa. "Na wewe pia. Sauti ni yako, na rekodi ulikuwa nayo."

"Lakini hilo si fumbo," Dinah alisema. "Anaishi na bibi kutoka Kenya anayezungumza kama mimi. Anamsikiliza kila siku."

"Wewe umejuaje anakoishi?"

"Mimi ndiye niliyemtafutia chumba."

"Hayo usiniambie mimi," alisema Philippa. "Yaseme kwenye jopo."

Nyumbani jioni ile Dinah alimweleza mumewe. Solomon alikuwa dereva wa basi, mtu wa maneno machache, na alimsikiliza akiwa amesimama jikoni bado amevaa koti la kazi.

"Mama Shiku, skiza," alisema. "Hiyo story ya room, achana nayo kabisa. Hawa watu hawaelewi mambo kama hayo. Wataiita conflict of interest, halafu umwage unga."

"Lakini si ndio ukweli, Baba Shiku? Ndiyo evidence pekee iko. Bila Ba, huyo msichana ni mwizi."

"Na ukisema, mtakuwa wezi wawili."

Dinah alimkasirikia kwa sababu alijua ana akili. Hata hivyo hakubadilisha nia. Aliamini, na hapa ndipo namwonea huruma, kwamba watu waliosomea kazi ya kupima usikivu watamsikia.

Alhamisi asubuhi, ndani ya treni ya Metropolitan, jambo jingine lilimjia. Aliwafahamu wanafunzi wake. Mchina aliyelelewa vizuri, ukimuuliza kama mwalimu wake amemsaidia, hawezi kukujibu hapana, hata kama mwalimu mwenyewe alikuwa akisinzia mwaka mzima. Kila kozi ilipokwisha walisimama mmoja mmoja na kusema kwamba bila mwalimu wasingekuwa kitu. Hata kule Bungoma, siku ya zawadi, ulianza kwa kuwashukuru walimu, na aliyesahau alionekana hana malezi. Ruolan akiulizwa swali hilo leo, atajibu kwa heshima zake zote, na heshima hizo zitamzika.

Dinah alitoa simu, akaandika: Wakikuuliza kama nilikusaidia, usinishukuru. Waambie ni Ba.

Akayasoma maneno yale mara kadhaa. Shahidi anayemwambia mshtakiwa la kujibu, huyo anaitwaje? Wakiiomba simu yake, je? Maisha yake yote katika nchi hii alikuwa ameyajenga juu ya jambo moja, kwamba hakuna Mwingereza atakayemkuta na doa. Treni ilipofika Finchley Road aliyafuta yote na kuirudisha simu mkobani.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa mwanamume mwembamba wa ofisi ya usajili, mpole, mwenye bilauri ya maji mbele yake. Dinah aliketi pembeni na kuambiwa asiseme mpaka zamu yake ifike. Ruolan aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakataa kiti, akasimama wima kama mwanafunzi anayejibu swali darasani.

"Je, Bi Dinah alikusaidia kujiandaa kwa mtihani huu?" mwenyekiti aliuliza, taratibu, akilitenga kila neno.

"Ndiyo," Ruolan alisema. Akageuka kidogo upande wa Dinah na kuinamisha kichwa. "Mwalimu alinisaidia sana. Bila mwalimu nisingeweza kitu."

"Hata katika sehemu ya tatu?"

"Sehemu ya tatu zaidi."

"Ngoja," Dinah alisema, "hamjamwelewa, anachosema ni..." Mwenyekiti aliinua kiganja bila kumtazama. Wale wawili wengine walikuwa wanaandika. Ruolan alimtazama Dinah kwa uso wa mtu aliyefanya vizuri na anangoja kuambiwa akae.

Ruolan alitolewa nje, na zamu ya Dinah ilipofika alisema yote. Alieleza kwamba ile ilikuwa shukrani, si ungamo, kwamba kwao mwanafunzi husema hivyo kama mtu asemavyo shikamoo. Alieleza habari za Ba, za meza ya Harrow na chapati. Sauti ilianza kupanda, akajisikia inapanda, asiweze kuishusha.

"Kwa hiyo," alisema mwenyekiti, "ulimtafutia nyumba mwanafunzi ambaye ungemtahini. Uliiarifu ofisi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa analia," alisema Dinah. Katika chumba kile lilikuwa jibu la kitoto, na hata yeye alilisikia hivyo.

Mtu wa kushoto aliuliza kama huyo bibi alikuwa jamaa yake. Alisema si jamaa, ni mama wa mwenye duka anakonunulia unga. Wakatazamana.

"Mpimeni," Dinah alisema. Alikuwa amesimama bila kujua. "Yupo hapo nje. Nipeni gazeti la leo, nipeni karatasi yoyote mnayotaka, ambayo mimi sijaiona. Nimsomee hapa mbele yenu kwa sauti yangu, kisha ninyi wenyewe mumuulize maswali. Itachukua dakika tano. Akishindwa, mfukuzeni, na mimi mnifukuze."

Kwa kitambo kidogo alidhani amewapata, maana yule mwanamke wa kulia aliacha kuandika na kumtazama mwenyekiti.

"Nakuelewa," alisema mwenyekiti, kwa upole wa kweli. "Lakini taratibu haziruhusu mtihani mwingine. Swali lililo mbele yetu si kama anasikia. Ni kama alisaidiwa, na hilo tumelisikia kwa kinywa chake."

Uamuzi ulikuja Jumatatu. Nafasi ya Ruolan ilifutwa, na idara ya uhamiaji ikaarifiwa kama ilivyo kawaida. Dinah alipewa onyo na kuambiwa arekodi sehemu ya tatu upya kabla ya kundi la pili kuingia, kwa matamshi yaliyo wazi.

Siku ya kuondoka kwa Ruolan, Dinah alikwenda Harrow kumpeleka uwanja wa ndege. Nitin alimfungulia mlango na kurudi ndani bila ya mzaha wake wa kila siku. Ba alikuwa mezani anafunga mikate ya manjano ya kwao kwenye karatasi ya fedha, kwa hasira.

"Wewe Dinah, kuja hapa," alisema. "Kwa nini hapana ita mimi? Mimi jua kusema. Mimi ambia hao watu, huyu mtoto iko na masikio mzuri kushinda yote."

"Ba, hawakubali mtu wa nje."

"Nje?" Ba alipiga meza kwa kiganja. "Nani fundisha yeye? Mimi! Sasa mimi iko nje?"

Dinah alisimama pale kama mtoto, mkoba begani, mpaka Ruolan alipoteremka na sanduku lake. Ba alimshika binti yule mashavuni, akamwambia kwa Kiingereza asile chakula cha ndege kwa sababu kinafunga tumbo, kisha akaingia jikoni na kufungua maji ya bomba kwa nguvu, ili wasimsikie.

Ndani ya gari Ruolan alikaa na kifurushi cha Ba mapajani. Walikuwa wameshafika barabara kuu alipouliza.

"Mwalimu, nilijibu vibaya?"

Hilo ndilo swali ambalo Dinah alikuwa akiliombea lisije. Angeweza kumwambia. Angeweza kumwambia kwamba ni shukrani yake iliyomwangusha, na kwamba kulikuwa na ujumbe mfupi wa kumwokoa ulioandikwa na kufutwa karibu na Finchley Road. Alitazama mbele.

"Hapana," alisema. "Ulijibu vizuri sana."

"Asante, mwalimu," Ruolan alisema.

Wiki iliyofuata Dinah aliingia tena kwenye chumba cha kurekodia. Philippa alikaa ng'ambo ya kioo. Dinah aliiweka karatasi ya nyuki mbele yake, akanywa maji, akaitoa sauti ya simu. Ilitoka mara ya kwanza tu, bila kikwazo, nyembamba na safi, kila neno limechanwa nywele. Angeweza kukataa. Alikuwa na kodi ya nyumba na mtoto wa shule, na alikuwa na woga pia, tuseme lililo kweli. Alipomaliza, Philippa alimwonyesha dole gumba.

"Safi kabisa," alisema kwenye kipaza sauti. "Ungesoma hivi tangu mwanzo, Dinah."

Kundi la pili lilifanya mtihani na kufaulu vizuri. Hakuna aliyelalamika.

Ujumbe wa Ruolan ulimfikia Jumamosi, Dinah akiwa anamenya viazi na binti yake Shiku amelala kwenye kochi na simu yake. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Ruolan alisema amefika salama, na kwamba amewaeleza wazazi wake kuwa kosa ni lake, hakusoma kwa bidii. Baba yake hajazungumza naye bado, lakini atazungumza. Alimwomba amsalimie Ba. Alisema mikate ile aliila yote ndani ya ndege, na kwamba hatausahau wema wa mwalimu. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza cha Ba kitupu, kinachokanyaga kila neno mpaka mwisho, na Dinah aliyesimama mbele ya sinki alihisi kama anasikia mtu wa kwao.

Alifuta mikono, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kukishikilia. Alikuwa amedhamiria kumwambia kila kitu safari hii. Alianza kuongea, na iliyotoka ilikuwa sauti ya simu. Alimsikia mwanamke wa sauti hiyo nyembamba akisema anafurahi kupokea habari zake, anamtakia kila la heri. Alijaribu kuigeuza katikati, asijue ile nyingine ilikokwenda.

"Mum, who's that?" Shiku aliuliza bila kuinua macho. "You're doing the phone voice."

Dinah alishtuka na kidole kikaachia kitufe. Ujumbe ukaenda.

Alisimama akiitazama simu. Kule kwao Ruolan ilikuwa usiku, lakini jibu halikukawia. Safari hii aliandika.

Mwalimu, unaumwa? Hii siyo sauti yako.